Dumu Litafika Laki

Feliksi alipata wazo lake kubwa akiwa na mwiba wa samaki aina ya mgebuka katikati ya meno, kwenye benchi la Marcelina, soko la Mwanga, mwezi wa saba, saa saba mchana.

Redio ilikuwa inaongea. Mtaalamu mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa anaeleza kwa sauti ya upole kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Marcelina, ambaye alikuwa anakaanga samaki huku akimenya vitunguu, aliuliza umeshukia kituo gani, maana pale sokoni haujaonekana. Mchuuzi wa dagaa kutoka Kibirizi akasema tatizo ni faranga ya Burundi, ikianguka ile na sisi tumekwisha. Jirani yake akapinga: kitakachoanguka ni shilingi, na itaanguka kabla ya mfungo. Wa tatu, fundi cherehani, aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakuna kitakachopanda. Vitu vitakuwa rahisi mpaka wauzaji waone aibu kuuza. Walibishana hadi ugali ukapoa. Kisha mtu akauliza swali dogo tu: Jumatatu ijayo dumu la mawese litakuwa shilingi ngapi? Wote wakanyamaza.

Katika ukimya ule Feliksi akausikia mlio wa pesa.

Inafaa tumweleze huyu bwana kabla hajaanza kazi. Alikuwa mtu wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, miaka arobaini na kitu, mrefu, shati limepigwa pasi, uso wa mtu aliyetoka kusali muda si mrefu. Uso huo ndio uliokuwa mtaji wake. Kwa uso huo aliwahi kuuza mashamba ya michikichi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona, na wanunuzi mpaka leo wanayatafuta. Hakuwa mkatili. Alikuwa anaamini tu kwamba pesa iliyoko mfukoni mwa mtu mwingine imepotea njia.

Mwaka uliotangulia alihudhuria semina ya wafanyabiashara katika ukumbi mmoja karibu na stesheni. Alifuata pilau. Wakati wa kuondoka alichukua na karatasi ya mahudhurio, kwa sababu ilikuwa mezani na hakuna aliyekuwa anaiangalia. Ilikuwa na majina sitini na manne, kila jina na namba yake ya simu.

Jumatatu iliyofuata mabishano yale ya sokoni aliigawa karatasi katikati. Watu thelathini na wawili wa juu aliwatumia ujumbe: "Ofisi ya Mwenendo wa Bei, Kanda ya Ziwa Tanganyika. Wiki hii dumu la mawese LITAPANDA. Huduma hii ni bure." Thelathini na wawili wa chini aliwatumia ujumbe huohuo, ila akaandika LITASHUKA. Wiki ikaisha, bei ikashuka. Wale wa juu akawafuta na hakuwasumbua tena. Wale wa chini akawagawa katikati: kumi na sita litapanda, kumi na sita litashuka. Akaendelea hivyo kila Jumatatu, akiwafuta waliodanganywa na kubaki na walioambiwa kweli, kama mtu anayepepeta mchele.

Mwisho wa wiki ya nne walibaki watu wanne ambao mbele yao Feliksi hakuwa amekosea hata mara moja. Watu wanne, tabiri nne, zote sahihi. Benki zote za dunia zingempa kiti.

Wa nne katika hao alikuwa amehamia Kalemie, upande wa Kongo, na simu yake haikupatikana tena, kwa hiyo wakabaki watatu. Wa kwanza alikuwa Mzee Pastory, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, mtu mzito anayepima kila neno kama misumari. Wa pili alikuwa Marcelina mwenyewe, ambaye siku zote hizi alikuwa anamkaangia mtabiri wake samaki bila kumjua. Wa tatu alikuwa Bi Safina wa Ujiji, mjane wa makamo, mwenye stoo ya mawese nyuma ya nyumba yake, nyumba ya zamani yenye mlango mkubwa wa mbao na baraza pana.

Watatu hawagawanyiki katikati. Wiki ya tano Feliksi aliwaambia wote litapanda, basi tu, kwa uvivu. Likapanda. Wiki ya sita, asubuhi, akiwa anapiga mswaki, alihisi moyoni kwamba litapanda tena. Akatuma. Likapanda.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Alijua vizuri kabisa jinsi alivyofika pale. Yeye ndiye aliyeigawa karatasi. Lakini wiki ya tano na ya sita hakugawa kitu. Alisema, ikawa. Alianza kutembea pale sokoni akiangalia madumu kwa jicho la mtu anayefahamiana nayo.

Hata hivyo kazi ni kazi. Aliandaa kile alichokiita Utabiri Mkuu, na akawafuata wateja wake mmoja mmoja. Habari yenyewe ilikuwa fupi: faranga itaporomoka, Warundi watakimbilia bidhaa, na kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja dumu litafika laki moja. Wakati huo lilikuwa elfu sitini na nne. Kwa Utabiri Mkuu huo, pamoja na mwongozo wa kila wiki wa lini kununua na lini kuuza, ada ilikuwa milioni tatu. Mpango wake ulikuwa kukusanya ada tatu na kupanda treni ya Alhamisi.

Mzee Pastory alilipa bila kumaliza chai. Alisema kwa miaka thelathini amekuwa akisikiliza watu waliosoma wakieleza kwa nini bei ilipanda jana. Leo amepata mtu wa kumwambia kesho, na mtu wa namna hiyo hapunguziwi bei.

Marcelina alichukua siku mbili. Alipomtambua mteja wake wa mgebuka alishangaa kwanza, kisha akaona ni ishara njema. Pesa aliyoleta ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki na ilinuka mafuta ya kukaangia. Alimweleza, kwa sauti ya chini, kwamba ni ya kikundi chao cha akina mama kumi na wanane. Yeye ndiye anayeshika sanduku, na mwezi wa kumi na mbili wanagawana. Angeirudisha kabla hawajafungua. Feliksi alipokea. Inasemekana mkono wake ulisita kidogo. Ulisita, lakini ulipokea.

Jumatano mchana alikodi bodaboda kwenda Ujiji kwa ada ya tatu.

Bi Safina alimkaribisha barazani na kumletea kahawa kwenye kikombe kidogo. Feliksi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaulizwa habari za nyumbani. Aliposema anatoka Kalinzi, Bi Safina akamsalimu tena kwa Kiha, "Mwakeye", ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita, ili ajisikie yuko kwao. Akasikiliza Utabiri Mkuu wote mpaka mwisho, akitikisa kichwa pale panapostahili. Kisha akauliza.

"Mwanangu, nisamehe, mimi sikusoma. Mtu anayejua mvua itanyesha lini huwa hauzi habari za mvua. Analima. Wewe mbona hulimi?"

Swali hilo Feliksi alikuwa amejiandaa nalo. Alieleza kwamba maadili ya taaluma hayaruhusu. Daktari hajitibu, hakimu hasikilizi kesi yake mwenyewe.

"Maadili ni kitu kizuri," Bi Safina alikubali. Akasema yeye ada analipa, tena kwa furaha. Ila pesa taslimu kwa sasa hana. Mtaji wote uko kwenye mafuta. Atamlipa kwa madumu. Na kwa kuwa mtaalamu mwenyewe amesema dumu moja ni laki, si haki kuyahesabu kwa bei ya leo. Milioni tatu ni madumu thelathini. Akamwita binti yake Asia aje kuhesabu.

Kwa bei ya siku ile madumu thelathini hayakufika hata milioni mbili. Lakini angesema nini? Angesema laki ni maneno tu, ameuza maneno. Angesema anataka bei ya leo, amekiri kwamba haamini kesho. Alijikuta amenaswa na mdomo wake mwenyewe, na mdomo huo ukasema asante.

Kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwa na faida kwa mtu yeyote. Angeyauza madumu yale sokoni jioni ileile, angepanda treni na milioni zake karibu nane, nasi tungemkumbuka kwa chuki na heshima kidogo. Lakini Asia alipokuwa anahesabu, Feliksi alisimama mlangoni pa stoo, akaona safu za madumu mekundu zimepangwa mpaka darini. Bi Safina alisimama kando yake akalalamika, kama mtu anayejisemea, kwamba mafuta haya yatakuja kumtajirisha mtu mwingine. Yeye ana harusi ya binti mwezi ujao, anahitaji pesa sasa hivi, hawezi kusubiri hiyo laki. Atayatoa tu kwa elfu sitini na nne, apate pa kuanzia.

Hesabu ikaanza kichwani mwa Feliksi bila kuombwa. Milioni sita alizonazo mfukoni ni madumu tisini na matatu. Tisini na matatu na thelathini ni mia moja ishirini na matatu. Mara laki moja. Milioni kumi na mbili na ushee.

Sauti moja ndani yake ilimkumbusha kwamba hiyo laki aliitunga yeye, juzi, akiwa bafuni. Sauti nyingine ilimkumbusha wiki ya tano na wiki ya sita. Mwongo akikaa sana na uongo wake huanza kuamkiana nao asubuhi, na baada ya muda huukopesha.

Akanunua. Chenji iliyobaki ilikuwa elfu arobaini na nane, nayo ilikwenda kwa mwenye gari la kubebea. Madumu yote mia moja ishirini na matatu yaliwekwa kwenye chumba chake cha kupanga Mwanga, na yeye akalala kwenye kile kipande kidogo kilichobaki karibu na mlango. Treni ya Alhamisi iliondoka. Aliisikia ikipiga honi, akatabasamu kwa kuwahurumia waliokuwamo.

Jumatatu bei ilikuwa elfu sitini. Feliksi alijiambia soko linavuta pumzi. Jumatatu iliyofuata ilikuwa hamsini na nne. Ya tatu, arobaini na saba. Ya nne, arobaini na moja, na hata hiyo ilikuwa ya kubembelezana. Sasa pale sokoni kila mtu alikuwa anajua sababu. Wengine walisema mashamba ya kuelekea Kidahwe yametoa mafuta kuliko kawaida. Wengine walisema faranga imeanguka kweli, na kwa sababu imeanguka Warundi hawana cha kununulia. Yaani jambo lilelile ambalo lingepandisha bei ndilo lililoishusha. Fundi cherehani alikumbusha watu kwamba yeye alisema. Hakuna mtabiri hodari kama wa jana.

Mzee Pastory alikuja akagonga mlango, akakuta mtabiri amekaa juu ya dumu. Marcelina alikuwa nyuma yake. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu milioni tatu za akina mama ziko wapi, na Feliksi akaonyesha kwa kidole chumba kizima.

Walikwenda wote watatu Ujiji. Feliksi alishika wazo moja tu, kwamba Bi Safina ni mtu wa dini, atakubali kuyarudisha mafuta yake na kurudisha pesa, hata nusu.

Bi Safina aliwakaribisha barazani, kahawa ikaja vikombe vinne. Alimsikiliza Feliksi mpaka mwisho. Akasema biashara ni biashara. Aliuza kwa bei ya siku, mbele ya shahidi, na harusi imeshakula pesa yote. Lakini kwa kuwa wageni wamefika kwa amani, na wao ndio waliolipishwa, atawaambia jambo.

"Kwenye ile semina," alisema, "walitangaza kila namba itapewa nauli. Mimi nikaandika laini zangu mbili, moja chini kwa jina langu, moja juu kwa jina la Asia. Sasa Jumatatu ya kwanza laini moja ikaniambia litapanda, na laini ya pili ikaniambia litashuka, wakati uleule, ofisi ileile. Nikasema huyu bwana ana hekima, hataki kugombana na mtu. Wiki ya pili laini moja ikawa kimya. Nikaelewa."

Mzee Pastory alitazama kikombe chake. Feliksi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujifunza, kwamba kama alielewa tangu mwanzo, alijuaje kuwa bei itashuka.

"Sikujua," alisema Bi Safina. "Nilijua tu kwamba na wewe hujui."

Marcelina alitaka waende polisi. Mzee Pastory alikataa upesi. Alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa na haja ya kusimama mahakamani kueleza jinsi alivyonunua kesho. Mwisho Bi Safina ndiye aliyetoa hukumu, na ilikuwa rahisi. Mafuta yale, sehemu kubwa, yamenunuliwa kwa pesa ya hawa wawili, basi ni yao: sitini kwa Pastory, sitini kwa Marcelina. Yanabaki matatu. Hayo ni ya Feliksi, ya nauli. Pesa kamili haikurudi, maana kwa bei ya siku ile kila mmoja alikuwa amepungukiwa zaidi ya laki tano, lakini hakuna aliyekuwa na pendekezo jingine.

Feliksi aliuza madumu yake matatu njiani na kurudi Kalinzi kwa kaka yake, akachukua jembe. Mzee Pastory hakutaka hata kuiona rangi ya mawese. Aliyauza yote sitini siku ileile kwa bei ya hasara na pesa akaitia kwenye saruji. Marcelina hakuuza. Si kwamba aliona mbele; alihesabu akaona kwamba hasara akiipokea leo akina mama watajua leo, akiipokea mwezi wa kumi na mbili watajua mwezi wa kumi na mbili, na zaidi ya hapo dumu lake la kukaangia lilikuwa limekwisha. Akaanza kukaangia migebuka mafuta ya Utabiri Mkuu. Usiku alikuwa hapati usingizi, na mchana akimwona mwanakikundi anakuja upande wa benchi alikuwa akijificha nyuma ya moshi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja wanunuzi walishuka Kibirizi, kutoka Burundi na kutoka Kongo, wote kwa pamoja, na hawakuja na faranga, walikuja na dola. Kwa nini wiki ile na si nyingine, hakuna aliyeweza kusema, ingawa baada ya siku tatu wote walikuwa wanasema. Bei ilipita hamsini, ikapita sabini. Tarehe nne mwezi wa kumi na mbili, soko la Mwanga, dumu la mawese lilifika laki moja. Utabiri Mkuu ulikuwa umechelewa siku nne.

Siku hiyo Bi Safina aliingia stoo akamuuliza Asia kama kuna lililobaki. Lilikuwapo moja, nusu, la jikoni. Alisimama pale kwenye sakafu tupu kwa muda, kisha akafunga mlango, na kwa siku mbili hakuzungumza na mtu kuhusu hekima.

Marcelina aliuza madumu arobaini na tano. Sanduku la akina mama likajaa, na chake kikabaki. Wenzake walimsifu kwa kuona mbali. Yeye aliwaambia ukweli, kwamba alibaki nayo kwa woga, na wao wakacheka wakasema anaficha siri ya biashara.

Simu ya Feliksi huko Kalinzi ilikuwa inashika mtandao sehemu moja tu, juu ya kilima, kwenye mibuni ya mwisho ya kaka yake. Ililia akiwa amebeba kikapu cha samadi. Alikuwa Mzee Pastory.

Hakugomba. Sauti yake ilikuwa ya heshima, hata ya unyenyekevu. Alisema dumu limefika laki, karibu na tarehe yenyewe, na yeye kwa kukosa imani aliuza kwa arobaini na moja. Alisema amekosa, na anaomba radhi. Sasa ana mifuko mia mbili ya saruji, na bei yake imeanza kucheza. Auze au asubiri?

Feliksi alikitua kikapu. Chini kabisa, mbali, ziwa lilionekana kama kipande cha bati. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya miezi mitatu, na ilikuwa mikono ya mtu ambaye hakuwa amemwibia mtu yeyote kwa miezi mitatu, jambo ambalo yeye mwenyewe lilikuwa linamshangaza. Alivuta pumzi, akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mteja.

"Mzee Pastory, kwa kweli mimi sijui."

Mzee Pastory akacheka taratibu, kicheko cha mtu mzima anayeelewa mambo.

"Naelewa, mtaalamu," alisema. "Habari kama hizo hazitolewi bure. Subiri."

Na kabla Feliksi hajainama kukichukua kikapu, simu ikatetemeka mkononi mwake: pesa imeingia.